Daftari la Vipimo

Somoe Chinduli. Kifua thelathini na mbili,
kiuno ishirini na nne, urefu hadi kifundo.
Penseli imefifia, lakini ukurasa ninao.
Ulikuwa msimu wa korosho, mwaka ule bei ilipopanda
hadi watu wa Tandahimba wakanunua pikipiki mbili mbili
na baiskeli wakawaachia kuku wazitagie.
Alitaka satini nyekundu, mgongo wazi.
"Fundi, nikigeuka, taa igeuke nami."
Taa yenyewe ilikuwa moja, ya jenereta
lililokohoa nyuma ya ghala la ushirika,
harufu ya magunia na salfa bado imo ukutani.

Aliimba habari za ndoo.
Basi, ndoo tu, na foleni, na mwanamke aliyetoka usiku wa manane
akarudi jua li utosini na nusu ya alichokifuata.
Hamsini kwa ndoo, hamsini kwa ndoo,
na sisi tukaitikia.
Tuliucheza, Mungu atusamehe, tuliucheza mno,
tukakizungushia viuno kiu chetu wenyewe.

Kifua thelathini na sita. Vipimo sasa vinakuja kwa simu:
shanga kifuani, mikono ya lesi,
pindo liburure kidogo, lisifagie.
Nikashona, nikapeleka basi la alfajiri,
na mwaka mpya nikamwona kwenye kalenda
dukani kwa Mchopa, kati ya misumari na mchele.
Gauni nililijua mara moja.
Uso niliukisia.

Kisha mabega.
Miaka yote sikuwa nimempima mabega sawasawa;
mwimbaji huyaachia yajitafutie njia.
Mgombea, hapana.
"Nishonee koti, fundi, litakalosimama
hata siku nitakayoshindwa kusimama mimi."
Nikatia kanvasi, nikatia pedi, bitana mara mbili,
vifungo sita vya rangi ambayo
nusu ya wateja wangu walininunia kwa ajili yake.

Nilifuata msafara, sindano mfukoni,
Mahuta, Kitama, Luagala.
"Ndugu zangu, pampu ya pili iliungua tangu..."
Imba!
"Bomba la kutoka bondeni, kipenyo chake..."
Imba kwanza!
Akaimba. Akiwa ndani ya koti langu, jasho likimtiririka,
akaimba ile ile ya ndoo,
na kina mama wakainua ndoo tupu juu
kama watu wanaoonyesha kadi.
Alishinda. Mimi pia nilimpigia.
Siku ile nani alikuwa anauliza kipenyo?

Mwaka wa tatu wa ubunge alikuja peke yake,
gari kaliacha kwenye kona, viatu mkononi.
Hakutaka jipya. Alitaka nifumue.
"Hili koti linanila, fundi. Hapa shingoni."
Nikawasha cherehani, nikazima, nikatafuta miwani.
Ndipo Esha, mke wangu, akaingia kwa mlango wa uani
na ndoo yake ya kwanza ya siku ile, saa tano,
akaitua sakafuni katikati yetu.
Maji yalitikisika, yakatulia.

Hakumtukana. Esha hana matusi.
Alifuta mikono kwenye kanga, akasema,
"Mheshimiwa, ule wimbo urekebishe kidogo.
Siku hizi ni mia tano."
Akaenda kuchochea moto.

Somoe akatazama ndoo.
Nilidhani atataja bajeti, fungu lililochelewa,
mkandarasi aliyehama na funguo.
Alifungua mdomo. Akaufunga.

Nikachukua utepe, kwa kuwa mikono yangu
ilihitaji kitu cha kufanya.
Shingo: kumi na tano na nusu.
Kwenye daftari lote ilikuwa mara ya kwanza
kuliandika neno hilo mbele ya jina lake.
Chini ya utepe, kwenye vidole vyangu,
kitu kilipanda,
kikasimama,
kikashuka tena.